Sura ya Sita: Majina ya Kaboya

Tarehe 2 Novemba 1978 ilikuwa Alhamisi. Kwa Wakatoliki, nao ni wengi katika Jimbo la Rulenge, hiyo ni Siku ya Marehemu Wote. Waumini huandika majina ya wafu wao kwenye karatasi, huitia karatasi kwenye bahasha pamoja na sadaka, na majina hayo huombewa mwezi mzima. Siku hiyohiyo, Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa mkoa na kulitangazia taifa kwamba Idi Amin wa Uganda atapigwa. Sababu, uwezo na nia: maneno hayo matatu yamekaririwa sana hata wanayajua watu waliozaliwa miaka thelathini baadaye. Hotuba hiyo tunaijua neno kwa neno. Majina ya waliokwenda kuitimiza tunayajua kidogo sana, na sura hii inahusu pengo hilo.

Anayesoma akiwa mbali anaweza kudhani kwamba Ngara haikuhusika. Mapigano yalikuwa Kyaka, Mutukula, Masaka. Wilaya ya Ngara, pamoja na kata zake kama Nyakisasa, iko upande wa Burundi na Rwanda, siyo wa Uganda. Lakini tazama mto. Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na Nyabarongo unaotoka Rwanda karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, na hapo Kagera inapata umbo lake. Kutoka hapo maji yanapanda kaskazini yakiufuata mpaka wa Rwanda, yanageukia mashariki, yanapita chini ya daraja la Kyaka na kuingia ziwani. Mkoa wenyewe wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulipewa baada ya vita, kwa ajili ya vita. Kwa hiyo kumbukumbu kubwa kuliko zote ya mapigano yale haina nguzo wala sanamu. Ni jina la mkoa, linaloandikwa kwenye vyeti vya kuzaliwa na tiketi za basi, na limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayekumbuka linakumbusha nini.

Yaliyotokea yanajulikana, nitayapitia upesi. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya mto, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Tarehe 1 Novemba Kampala ikatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu waliporwa ng'ombe, wakachomewa nyumba. Inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. JWTZ ikajibu. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, Entebbe tarehe 7 Aprili, Kampala siku chache baada ya hapo, na mwanzoni mwa Juni askari wa Tanzania walikuwa mpakani mwa Sudan. Majina ya makamanda yamebaki midomoni. Kuna Msuguri, kuna Kombe, kuna Walden, kuna Mayunga, ambaye Bukoba ina uwanja unaoitwa kwa jina lake. Haki yao. Ila jenerali hana shida ya kukumbukwa; anaandikwa vitabuni, anapewa mtaa, anazikwa kwa mizinga.

Tumchukue askari mwingine. Simtaji jina kwa sababu si mtu mmoja. Nimemkusanya kutoka kwa yale yanayojulikana kuhusu maelfu waliofanana naye. Ana miaka ishirini na mbili. Anatoka kijiji cha Ngara kilichopangwa upya wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya sabini. Amemaliza darasa la saba, analima migomba na maharage pamoja na mama yake. Na ni mgambo. Hilo la mgambo lina historia yake. Amin alipompindua Obote Januari 1971, na Wareno wakiwa wametoka kuivamia Guinea Novemba 1970, TANU ilitoa Mwongozo uliosema kwamba ulinzi wa nchi usiachiwe jeshi peke yake, wananchi wafundishwe. Ndiyo maana jioni za miaka ile vijana wa vijijini walikuwa wakipiga kwata uwanjani, wengi wao wakiwa na bunduki za miti. Wazee waliwacheka. Vita vilipotangazwa, jeshi lililokuwa na watu wapatao 40,000 likapanda hadi zaidi ya 100,000 kwa muda wa wiki chache, na mgambo peke yao walikuwa wapatao 40,000. Bunduki ya mti ikabadilishwa na ya kweli.

Askari wetu alipandishwa lori. Hakuwa amewahi kuiona Bukoba. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na barabara za Ziwa Magharibi wakati ule, mtu aliyezipita hahitaji kuambiwa. Nataka msomaji alishikilie hilo lori, maana tutalirudia. Huko mbele alijifunza maneno mapya: handaki, doria, na «saba saba», jina ambalo watu wa pande zote mbili waliyapa makombora ya Kirusi yaliyorushwa kwa mfululizo, ambayo mlio wake peke yake uliwafukuza askari wa Amin kwenye mahandaki kabla hayajaanguka. Adui aliitwa nduli. Redio ilisema nduli, magazeti yalisema nduli, na watoto waliocheza vita shuleni waligombana kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa nduli.

Watu kama yeye ndio waliojaza Brigedi ya 201, iliyokuwa karibu yote ya mgambo, wengi wao hawajawahi kupigana. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, huko Lukaya, barabara ikiwa imezungukwa na kinamasi, brigedi hiyo ilikutana na kikosi cha Walibya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin. Walibya nao walikuwa na saba saba. Mgambo walitimua mbio. Sioni aibu kuliandika hilo, na sioni kwa nini maveterani walione aibu. Kijana aliyekuwa akipalilia maharage Oktoba, akimbie makombora Machi, hilo ni jambo la kawaida la binadamu. Lililo si la kawaida ni kwamba walikusanywa, wakapangwa upya gizani, na kulipokucha wakarudi walikotoka, huku Brigedi ya 208 ikiwazunguka Walibya kwa nyuma. Baada ya Lukaya njia ya Kampala ilikuwa wazi. Ukiniuliza ni wapi mtu wa kawaida alishinda vita hivi, nitakuonyesha asubuhi ile, si siku ya kuingia Kampala ambayo ina picha nyingi.

Wangapi walikufa? Hapa ndipo orodha zinapoanza kutoelewana. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi waliofuatana na jeshi na baadaye kuandika kitabu kuhusu vita hivyo, walitoa idadi ya askari wa Tanzania 373. Kwenye mnara wa makaburi ya jeshi ya Kaboya yanahesabiwa majina 435. Viongozi wanapohutubia hutaja mashujaa 619 waliolala pale. Sioni ulazima wa kudhani kuna mtu amedanganya. JWTZ ilibaki Uganda mpaka mwaka 1981. Mtu anaweza kufunga hesabu Juni 1979, mwingine akaendelea kuandika. Majeruhi aliyekufia hospitalini mwaka uliofuata, yumo au hayumo?

Idadi inayonishughulisha zaidi ni nyingine, tena ndogo. Kati ya wale 373, waliouawa katika mapigano walikuwa 96 tu. Waliobaki walikufa kwa ajali na kwa mambo mengine yanayoandamana na jeshi linalosafiri. Sasa lirudie lile lori. Limejaa vijana na masanduku ya risasi, dereva hajalala, barabara ni utelezi, taa zimezimwa wasionekane na ndege. Askari wetu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa hapo kuliko kufa akishambulia kilima. Na barua inapofika kijijini itasema amefariki dunia akiwa kazini, kulitetea taifa. Itakuwa imesema kweli. Lakini siku ya matanga watu watauliza alikufaje, na atakayejibu, mjomba au mwenzake aliyerudi, atalazimika kuchagua kati ya lori na kilima. Wengi wamechagua kilima. Miaka ikapita, na kila familia ikawa na marehemu aliyekufa akiwa mstari wa mbele, kana kwamba kufa njiani kuelekea mstari huo ni kufa nusu.

Makaburi ya Kaboya hayafanyi ubaguzi huo, na hilo ndilo jambo ninaloliheshimu kuliko yote mahali pale. Kaboya ni kambi ya jeshi katika Wilaya ya Muleba. Ndani yake kuna nguzo nyeupe, juu yake sanamu ya askari, na kuizunguka ni makaburi. Majina yameandikwa. Aliyepigwa risasi, aliyekanyaga bomu la kutegwa na aliyepinduka na lori wote wamelala kwenye safu moja. Nchi nyingi za Ulaya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, zilichukua maiti moja isiyojulikana na kuizika kwa heshima kwa niaba ya wote. London na Paris zote zilifanya sherehe hiyo tarehe 11 Novemba 1920. Hapa kwetu tulifanya kinyume chake. Tuliwakusanya wanaojulikana, kila mmoja na jina lake, tukawaweka mahali pamoja.

Kwa serikali lilikuwa jambo la maana. Kwa mama wa Ngara lilikuwa na utata wake. Katika sehemu kubwa ya mkoa huu mtu huzikwa kwake, karibu na nyumba, kandokando ya migomba. Kaburi linapaliliwa na watoto wanalipita kila siku wakienda kuchota maji. Kuzikwa kwa babu na baba ndiko kunakoonyesha shamba ni la nani. Kesi nyingi za ardhi zimeamuliwa kwa kunyoosha kidole kwenye makaburi. Kijana aliyezikwa Kaboya ametoka kwenye mpango huo. Amepata jeneza la taifa na amekosa nafasi katika shamba la ukoo. Ndugu zake wakitaka kumwona ni lazima watoke Ngara, wapite Biharamulo, wafike Muleba, halafu wawe na ruhusa, kwa sababu huwezi kuingia kambi ya jeshi kama unavyoingia sokoni. Mama mzee asiyejua Kiswahili cha ofisini ataanzia wapi? Na wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Nyerere alikuwa ameomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi kumi na minane, na mkanda ukaendelea kukazwa kwa miaka. Sabuni ilipatikana kwa foleni, sukari kwa kujuana. Mjane aliyetakiwa apeleke cheti cha kifo na barua ya mahakama ya mwanzo ili afuatilie mafao, alikuwa na safari nyingine za kuanza nazo kabla ya ile ya makaburini.

Kilichobaki nyumbani kilikuwa jina, na watu walilishika kwa njia walizokuwa nazo. Mtoto wa ndugu aliyezaliwa mwaka uliofuata alipewa jina la marehemu. Picha moja ya kombati, kama ilikuwapo, ilitiwa fremu. Na Novemba ilipofika, kwa familia za Kikatoliki, jina liliandikwa kwenye karatasi na kuingia kwenye bahasha pamoja na ya bibi aliyekufa kwa uzee na ya kichanga. Jimbo la Rulenge chini ya Askofu Christopher Mwoleka lilikuwa limejenga jumuiya ndogondogo, familia jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Katika mkusanyiko wa aina hiyo jina la mtu halitajwi kwa jumla. Anayelitaja ana sauti, na waliokaa wanamjua aliyetajwa: alikuwa akitembea vipi, alikuwa na deni la nani.

Linganisha na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Mwenge wa kumbukumbu huwashwa saa sita usiku wa kuamkia siku hiyo. Asubuhi kuna gwaride, tarumbeta hupigwa, watu husimama kimya. Kisha zinawekwa silaha za jadi kwenye mnara. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya upinde na mshale, na mzee aliyepigana vita vya zamani huweka shoka. Viongozi wa dini wanaomba dua. Ni sherehe nzuri, nasema bila kejeli. Silaha zile zinawaunganisha waliopigana na Wajerumani wakati wa Maji Maji na waliokufa Uganda, watu ambao wasingeweza kusikilizana kama wangekutana. Lakini mwanzo mpaka mwisho hakuna jina linalosomwa. Tunawakumbuka mashujaa kwa wingi wao, na mtu wa kawaida hukumbukwa akiwa mmoja.

Jambo hili tumelirithi. Katikati ya Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Samora, yupo Askari wa shaba aliyesimamishwa na Waingereza mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya gavana wa Kijerumani Wissmann. Nairobi na Mombasa zina wenzake. Maandishi yaliyo chini yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuwekwa pia kwa Kiswahili, yanamwahidi askari Mwafrika kwamba akifa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu hiyo utakavyo, jina hulioni hata moja. Tume iliyoundwa mwaka 1917 kutunza makaburi ya vita ya himaya ilikuwa na kanuni kwamba wafu wote ni sawa, na makaburi ya Wazungu kwenye Barabara ya Bagamoyo yana mawe na majina. Askari na wapagazi wa Kiafrika, wale ambao jina la Kariakoo linatokana nao, waliwekewa sanamu ya jumla na kuachwa walikoanguka. Aprili 2021 tume hiyo ilikiri hadharani. Ripoti yake ilisema watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, sehemu kubwa yao ikiwa ya Afrika Mashariki na Misri.

Njia za Vita Kuu hiyo ya Kwanza zilipita Ngara na Biharamulo. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo yakitokea Rwanda na Urundi, yakielekea Tabora. Boma la Wajerumani bado lipo na wageni huonyeshwa. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili hawana hata ubao. Ukiliweka hilo kando ya Kaboya, Kaboya inapendeza. Taifa changa lililokuwa halina fedha za kigeni liliwapa mgambo wake kile ambacho himaya tajiri ilikataa kuwapa askari wake weusi. Tunapolalamika kuhusu Kaboya, na mimi nalalamika, tuanze kwa kulitambua hilo.

Mambo yamebadilika tena. Tarehe 13 Julai 2013 askari saba wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani Darfur waliuawa. Siku kumi na mbili baadaye Rais Kikwete aliongoza Siku ya Mashujaa kitaifa, na mwaka huo iliadhimishwa Kaboya. Desemba 7, 2017, huko Semuliki katika eneo la Beni, Kongo, waasi wa ADF waliishambulia kambi ya walinda amani na kuua wasiopungua 14 wa JWTZ kwa usiku mmoja. Miili ililetwa Dar es Salaam, ikaagwa, kisha kila mmoja akapelekwa kwao. Hivyo askari wa leo anazikwa kwenye migomba, au michungwa, au minazi ya kwao, bendera ikikunjwa na kukabidhiwa familia mbele ya majirani. Mama yake halazimiki kuomba ruhusa ya kulipalilia kaburi. Anachokosa ni safu, wenzake kushoto na kulia, na mahali ambapo mtu asiye ndugu anaweza kwenda kumsoma. Kati ya mipango hiyo miwili, nikiulizwa, ningechagua huu wa sasa. Kaburi lililo karibu lina faida ambayo mnara hauwezi kuilipa.

Kwa wale wa 1978 na 1979 hakuna atakayewahamisha, wala sioni sababu. Linalowezekana ni kuihamisha orodha. Kila ofisi ya kata ina ubao wa matangazo: orodha ya wapiga kura, ruzuku ya mbolea, wanafunzi waliochaguliwa kidato cha kwanza. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zinaweza kuliomba jeshi majina ya waliotoka katika maeneo yao, kata kwa kata, na kuyabandika pale Nyakisasa, Rulenge, Keza na kwingineko kila Julai, tena kwa namna ambayo padre, mchungaji na imamu wanaweza kuyanakili wakayatumia siku zao. Haitagharimu zaidi ya karatasi. Ugumu utakuwa kwenye kusahihisha. Karani wa jeshi aliyekuwa akiandikisha mgambo haraka haraka mwaka 1978, pengine mtu wa pwani, huenda aliyaandika majina ya Kishubi na Kihangaza kama alivyoyasikia, akiwa na foleni ndefu mbele yake. Kijana aliyeandikwa hivyo kambini huenda ndivyo alivyochongwa Kaboya. Wanaojua jina linavyotamkwa, na ni la mtoto wa nani, sasa wana miaka sabini na themanini. Karatasi itabidi ipelekwe kwao na kalamu, mapema.